Orodha ya Charlemae Rollins

Vitabu vya kwanza alivyovizoea Charlemae Hill utotoni vilikuwa vya udaktari. Vilitoka katika maktaba ya bwana aliyemmiliki bibi yake zama za utumwa, bwana yuleyule aliyezaa na bibi huyo. Mtoto hakuelewa mengi katika kurasa zile, lakini alizisoma, kwa kuwa alisoma chochote kilichomfikia. Kando ya vitabu hivyo alikuwa na hazina nyingine, nayo ni masimulizi ya bibi mwenyewe kuhusu maisha ya utumwani. Vitabuni hamkuwa na mtu wa aina ya bibi yake, na aliyoyajua bibi yake hayakuwa yameandikwa popote alipoweza kuyasoma. Baadaye, alipokuwa mkutubi wa watoto mjini Chicago, alilikuta pengo hilohilo kwenye rafu alizokabidhiwa, na akaitumia kazi yake yote kulijaza.

Alizaliwa tarehe 20 Juni 1897 katika mji wa Yazoo City, jimbo la Mississippi. Angali mdogo, wazazi wake, Allen na Birdie Hill, walihamia Beggs, katika eneo lililotengewa wenyeji asilia wa Marekani ambalo mwaka 1907 liliingizwa katika jimbo la Oklahoma. Baba alikuwa mkulima. Mama alikuwa miongoni mwa walimu Weusi wa kwanza katika eneo hilo. Kwa binti Mweusi wa wakati ule, elimu iliyozidi ile ya msingi ilikuwa safari. Charlemae alisoma St. Louis, kisha Holly Springs huko Mississippi, kisha Quindaro, Kansas, katika shule ya Weusi iliyoitwa Western University. Alirudi Beggs kufundisha, akaenda Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington kwa mwaka mmoja, na mwaka 1918 akaolewa na Joseph Rollins. Mume alipelekwa Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipokwisha, familia ikafanya makao yake Chicago.

Chicago ya miaka ile ilikuwa inajaa watu waliokimbia Kusini. Walikimbia sheria za ubaguzi, mauaji ya makundi yaliyojichukulia sheria mkononi, na kilimo cha pamba kilichowaacha na madeni kila msimu. Mwaka 1910 mji ulikuwa na wakazi Weusi 44,103. Mwaka 1920 walikuwa 109,458, na mwaka 1930 walifika 233,903. Hawakupokelewa kwa amani. Julai 1919 kijana Mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alizama katika Ziwa Michigan baada ya kupigwa mawe kwa kuwa alikuwa ameelea hadi upande uliohesabiwa kuwa wa Wazungu. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38. Baada ya hapo mikataba ya nyumba iliyokataza kuwauzia au kuwapangishia Weusi iliwabana katika ukanda mwembamba wa kusini mwa mji, na sehemu hiyo ikaja kuitwa Bronzeville.

Mwaka 1927 Rollins aliajiriwa na Maktaba ya Umma ya Chicago, akawekwa kuwa mkutubi wa watoto katika tawi la Hardin Square. Alisomea ukutubi huku akiendelea na kazi, katika Chuo Kikuu cha Columbia na baadaye katika Chuo Kikuu cha Chicago. Bronzeville yenyewe haikuwa na maktaba. Aliyelishikia bango jambo hilo ni Dk. George Cleveland Hall, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Provident na mjumbe wa bodi ya maktaba za mji. Alimshawishi Julius Rosenwald, tajiri wa kampuni ya Sears, Roebuck, naye akatoa kiwanja kwenye kona ya barabara ya 48 na Michigan Avenue. Hall alifariki mwaka 1930. Rosenwald alifariki tarehe 6 Januari 1932. Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 18 Januari, tawi la George Cleveland Hall likafunguliwa bila wote wawili kuwapo.

Uongozi wa tawi alipewa Vivian Harsh, ambaye mwaka 1924 alikuwa mkutubi wa kwanza Mweusi wa maktaba za Chicago. Idara ya watoto alipewa Charlemae Rollins. Wanawake hawa wawili waligawana kazi kwa namna iliyofaa kila mmoja. Harsh alikusanya kumbukumbu: vitabu adimu, magazeti, miswada na nyaraka za historia ya Weusi, na mkusanyiko huo leo unaitwa kwa jina lake. Rollins alikusanya wasomaji. Alisimulia hadithi, alianzisha vikundi vya usomaji, aliwapokea walimu wa shule za jirani waliokuja na madarasa mazima, na aliwakalisha wazazi kuwaeleza jinsi ya kumchagulia mtoto kitabu. Aliikalia idara ile miaka 31.

Yeyote aliyewahi kuhudumia watoto maktabani anajua kwamba mtoto akishazoea mahali huanza kuuliza. Watoto wa Bronzeville waliuliza vitabu vinavyowahusu. Walimu waliuliza vitabu vya kufundishia historia ya watu wao. Rollins aliporudi kwenye rafu kutafuta, alikutana na aibu. Vitabu vingi vya watoto vilivyokuwa na mtu Mweusi vilimfanya kichekesho au mtumwa mwenye furaha. Alichorwa akiwa na midomo iliyofura na macho yaliyotoka pima. Aliongea Kiingereza kilichopindwapindwa hadi mtoto asiweze kukisoma. Alivaa matambara, akala matikiti, akamwogopa kila mnyama, na mara nyingi hakupewa hata jina la ukoo. Mfululizo wa vitabu vya Inez Hogan kuhusu mvulana aitwaye Nicodemus, ulioanza mwaka 1932, mwaka uleule tawi la Hall lilipofunguliwa, ulikuwa wa namna hiyo, nao uliuzwa kama burudani njema ya watoto.

Kilichobishaniwa kuliko vyote ni The Story of Little Black Sambo, kitabu cha mwaka 1899 cha Helen Bannerman, Mskochi aliyeishi India. Hadithi yenyewe ina chui milia na samli, na mazingira yake ni ya Kihindi. Lakini matoleo mengi yaliyochapwa Marekani yalimchora mvulana huyo kwa michoro ya dhihaka iliyokusudiwa Waafrika, na jina lake lilikuwa tusi ambalo Weusi wa Marekani walilijua kwa muda mrefu. Wakutubi Weusi, Rollins akiwa mmoja wao, walieleza kwa miaka mingi kwamba mtoto Mweusi akisomewa kitabu kile darasani mbele ya wenzake, kicheko cha darasa humwangukia yeye. Wenzao Wazungu wengi walijibu kwamba wao walikipenda utotoni, na hawakuona ubaya wake. Jibu lile lilionyesha ukubwa wa kazi. Watu wema, waliosoma na waliowapenda watoto, walikuwa hawana macho ya kuliona jambo lililokuwa mikononi mwao.

Haikuwa kwamba hakuna aliyejaribu kabla. Kati ya Januari 1920 na Desemba 1921, W. E. B. Du Bois, Augustus Dill na mhariri Jessie Fauset walitoa jarida la watoto Weusi liitwalo The Brownies' Book. Lilikuwa zuri, lakini halikupata wanunuzi wa kutosha, likafa. Mwaka 1932 Arna Bontemps na Langston Hughes walitoa Popo and Fifina, hadithi ya watoto wawili wa Haiti. Vitabu vya namna hii vilikuwapo, ila vilitawanyika, na mwalimu wa Georgia au wa Nebraska hakuwa na njia ya kuvijua. Wachapishaji nao walishika hoja yao: vitabu hivi havinunuliwi. Na kweli havikununuliwa, kwa kuwa waliotaka kuvinunua hawakujua kwamba vipo.

Hapo ndipo Rollins alipofanya jambo lililomtofautisha na wengi waliokasirika kama yeye. Hasira yake aliigeuza kuwa vigezo, na vigezo akavigeuza kuwa orodha. Alisoma kila kitabu cha watoto alichoweza kukipata chenye mhusika Mweusi. Aliandika kinachofaa na kisichofaa, na kwa nini. Aliwaandikia wachapishaji na waandishi. Mwaka 1941 Baraza la Taifa la Walimu wa Kiingereza la Marekani lilichapisha kazi hiyo kwa jina la We Build Together, yaani tunajenga pamoja, ikiwa mwongozo wa vitabu kuhusu maisha na fasihi ya Weusi kwa shule za msingi na za sekondari.

Mchapishaji wa mwongozo huo alikuwa na maana kubwa. Laiti ungetolewa na chama cha Weusi peke yao, ungesomwa na waliokwisha kukubali. Baraza lile lilikuwa na walimu nchi nzima, wengi wao Wazungu, ambao kila mwaka walikaa na fedha za shule na kuuliza wanunue nini. Rollins aliwafikia pale pale walipokuwa wanaamua. Kila shule iliyonunua kitabu kutoka katika orodha ilimwambia mchapishaji, kwa lugha anayoielewa upesi, kwamba hoja yake ya soko haina msingi.

Katika dibaji ya mwongozo Rollins alieleza jinsi ya kupima kitabu. Itazame michoro: je, watu Weusi wamechorwa kuwa watu tofautitofauti, au ni sura moja ya dhihaka iliyorudiwa? Isikilize lugha: je, lafudhi imetumika kwa ajili ya ukweli wa mahali na wakati, au ni mzigo wa kumfanya msemaji aonekane mjinga? Yaangalie majina: je, kuna matusi ya rangi yaliyopitishwa kama mazoea ya kawaida? Iangalie kazi ya mhusika: je, katika vitabu vyote Mweusi ni mpishi na mchunga farasi tu, ilhali mtaani kwake mtoto anawaona walimu, madaktari, mafundi, wachungaji na wenye maduka? Na juu ya hayo yote, je, ni hadithi nzuri? Kitabu chenye nia njema kisichosomeka hakimsaidii mtoto wa rangi yoyote.

Hakudai kwamba mwandishi lazima awe Mweusi. Orodha yake ilipokea vitabu vya waandishi Wazungu vilivyosema kweli. Hakudai pia kwamba wahusika wote wawe malaika, kwa sababu mtoto hawezi kujitambua katika malaika. Alichodai ni ubinadamu kamili: familia yenye chakula na ugomvi na mapenzi, mtoto mwenye makosa yake na akili yake. Aliona pia kwamba mtoto wa Kizungu alidhulumiwa na vitabu vilevile, kwa kuwa alikuwa anafundishwa uongo kuhusu majirani zake kabla hajakutana nao. Ndiyo maana mwongozo haukuandikwa kwa ajili ya Bronzeville peke yake.

Hakuwa peke yake katika kazi hii. Huko New York, katika tawi la barabara ya 135 mtaani Harlem, Augusta Baker alianza kazi ya ukutubi wa watoto mwaka 1937 na kukuta rafu za namna ileile. Mwaka 1939 alianzisha mkusanyiko wa vitabu vya watoto uliopewa jina la James Weldon Johnson, akawa naye anatoa orodha zake. Chicago na Harlem zikawa nguzo mbili za harakati moja.

Toleo la pili la We Build Together lilitoka mwaka 1948, na tofauti ilionekana katika vitabu vyenyewe. Mwaka 1945 Jesse Jackson, mwandishi Mweusi kutoka Ohio, alikuwa ametoa Call Me Charley, kuhusu mvulana Mweusi anayeingia shule ya Wazungu. Mwaka 1946 Ellen Tarry na Marie Hall Ets walitoa My Dog Rinty, kitabu cha picha halisi za Harlem. Mwaka uleule wa 1948 Arna Bontemps alitoa Story of the Negro, ambacho mwaka uliofuata kilipata heshima ya Newbery, tuzo kubwa ya fasihi ya watoto nchini humo. Bontemps alikuwa mwandishi Mweusi wa kwanza kufika hapo. Orodha ya Rollins haikuviandika vitabu hivyo, lakini ilivitengenezea mahali pa kupokelewa.

Tangu mwaka 1946 alikuwa pia anafundisha fasihi ya watoto katika Chuo cha Roosevelt mjini Chicago, kilichoanzishwa mwaka mmoja kabla na walimu waliokataa kuwawekea Weusi na Wayahudi kikomo cha kusajiliwa. Kwa zaidi ya miaka kumi walimu wa kesho walijifunza kwake namna ya kusoma kitabu cha watoto kwa jicho la mtoto aliyemo ndani yake na la mtoto aliyeachwa nje. Tawi la Hall nalo lilikuwa limekuwa kituo cha waandishi. Richard Wright, Langston Hughes, Zora Neale Hurston na Gwendolyn Brooks walipita humo. Brooks, aliyekulia Bronzeville na kuwa Mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1950, alitoa mwaka 1956 kitabu cha mashairi ya watoto wa mtaa huo, Bronzeville Boys and Girls.

Ili kuipima njia aliyoipita Rollins katika taaluma yenyewe, ni vema kukumbuka mkutano wa Chama cha Maktaba cha Marekani wa mwaka 1936 huko Richmond, Virginia. Wakutubi Weusi waliohudhuria walitengewa viti vyao ukumbini, na hawakuruhusiwa kulala katika hoteli za mkutano wala kuhudhuria vikao vilivyoambatana na mlo. Malalamiko yaliyofuata yalikilazimisha chama kuazimia kutofanya tena mikutano mahali pa namna hiyo. Miaka 21 baadaye, mwaka 1957, Charlemae Rollins aliushika urais wa kitengo cha huduma za watoto cha chama hichohicho, akiwa Mweusi wa kwanza katika kiti hicho. Mwaka uliotangulia aliiongoza kamati ya tuzo za Newbery na Caldecott. Mkutubi aliyeanza kwa kuuliza kwa nini vitabu bora vinawasahau watoto wake sasa alikuwa anaongoza meza inayoamua kitabu bora ni kipi.

Alistaafu mwaka 1963. Hapo akaketi kuandika mwenyewe vitabu ambavyo kwa miaka mingi aliwaomba wengine waviandike. Cha kwanza, Christmas Gif', kilikusanya mashairi, nyimbo na hadithi za Krismasi za Weusi, na jina lake linatokana na mchezo wa watumwa: asubuhi ya sikukuu, anayewahi kutamka salamu hiyo ndiye anayepewa zawadi. Masimulizi ya aina aliyoyasikia kwa bibi yake yalikuwa hatimaye yamepata jalada na rafu. Kisha vikaja They Showed the Way mwaka 1964, kuhusu viongozi Weusi, na Famous American Negro Poets mwaka 1965.

Mwaka huohuo wa 1965 mwalimu Mzungu Nancy Larrick alichapisha katika Saturday Review makala iliyotoa takwimu za jambo ambalo Rollins alikuwa analisema tangu miaka ya 1930. Larrick aliwauliza wachapishaji 63 kuhusu vitabu vya watoto walivyotoa kwa miaka mitatu. Kati ya vitabu 5,206, ni 349 tu vilivyokuwa na hata mtu mmoja Mweusi, sawa na asilimia 6.7. Makala ile iliishtua nchi. Na nchi iliposhtuka na kuuliza tununue nini basi, jibu lilikuwa tayari: toleo la tatu la We Build Together lilitoka mwaka 1967.

Mwaka 1969 wakutubi wawili wa shule, Glyndon Greer na Mabel McKissick, walikutana katika mkutano wa chama chao na kulalamika kwamba medali zenyewe za tuzo kubwa bado zilikuwa hazijamfikia mwandishi Mweusi. Kutokana na mazungumzo yao ikazaliwa Tuzo ya Coretta Scott King. Mwaka 1971, ilipotolewa kwa mara ya pili, alipewa Rollins kwa kitabu chake kuhusu maisha ya rafiki yake Langston Hughes, Black Troubadour. Mwaka 1972 Chama cha Maktaba cha Marekani kilimfanya mwanachama wake wa heshima wa maisha, Mweusi wa kwanza kupewa hadhi hiyo.

Mlango ulipofunguka, wimbi lake lilifika hata kwa wasemaji wa Kiswahili. Muriel Feelings, mwalimu Mweusi wa Marekani aliyewahi kufundisha Uganda, aliandika vitabu viwili vya picha vilivyochorwa na Tom Feelings: Moja Means One, cha kuhesabu kwa Kiswahili, mwaka 1971, na Jambo Means Hello, cha alfabeti, mwaka 1974. Vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott. Miaka 30 kabla, mtoto wa Marekani aliyemtafuta Mwafrika katika kitabu cha picha angeonyeshwa mtu wa dhihaka msituni. Sasa alionyeshwa soko, familia, mlima na lugha yenye alfabeti.

Charlemae Rollins alifariki Chicago tarehe 3 Februari 1979, akiwa na umri wa miaka 81. Tuzo na vyeo alivyopata vinastahili kukumbukwa, lakini urithi wake mkubwa ni namna ya kufanya kazi. Alijua kwamba kukataa kitabu kibaya ni nusu ya wajibu, na nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kumpa mwalimu kitabu bora cha kuweka mahali pake, pamoja na sababu anazoweza kuzitetea mbele ya mkuu wa shule. Maswali yake kuhusu michoro, lugha, majina, kazi za wahusika na uzuri wa hadithi hayahitaji fedha wala shahada ya ukutubi. Mwalimu wa Tabora au Kisumu anayefungua shehena ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo anaweza kuyauliza leo, akaamua kipi kiingie darasani na kipi kibaki kwenye boksi. Kuchagua vitabu vya watoto si kazi ya ukarani. Ni kuamua nani atahesabiwa kuwa mtu mbele ya mtoto anayejifunza kusoma, na Rollins alionyesha kwamba mkutubi mmoja mwenye vigezo vilivyo wazi anaweza kuubadili uamuzi huo kwa nchi nzima.